Mwaka wa Gundi Nyeupe

Mwezi uliopita waliniita Ukunda, kwenye ukumbi wenye viti vilivyovalishwa vitambaa kama maharusi, wakasema ni mkutano wa mafundi wa zamani wa karakana ya boti ya Diani. Tumebaki watano tulio hai, na sote tumekuwa wabaya wa sura. Nilikwenda kwa ajili ya pilau, sitadanganya, na pilau yenyewe ilikuwa wali uliopakwa rangi. Kisha akasimama Ezekieli, aliyekuwa msimamizi wetu, ambaye sasa ana tumbo la kuegemezea kikombe, akahutubu. Akasema sisi ndio tulioleta utaalamu wa kisasa kwenye vyombo vya Pwani. Akasimulia habari ya boti ya Bi Riziki wa Kibuyuni, jinsi yeye alivyoiokoa kwa gundi ya ng'ambo baada ya wazee wa hapa kushindwa. Watu wakapiga makofi. Wajukuu wake wakampiga picha kwa simu. Mimi nilikuwa na mfupa mdomoni. Nikautema, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi karibu na dereva wa tuktuk aliyekuwa akingoja abiria, nikamwambia yule mzee anayesema ndani ni mwongo. Akaniuliza uongo gani. Nilipoanza kumweleza akapata abiria, akaondoka. Basi naandika.

Ya baba na mama yangu hayamo humu, hayamhusu mtu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na kuandika nimekujua kwa kuchora majina ya boti ubavuni, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa na hazipendi kukaa kwenye mstari. Leo nina karakana yangu Msambweni, na watu wenye vyeti wananiita Fundi Bakari na kuniamkia kwanza. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa mpumbavu wa aina mbaya kuliko zote, mpumbavu mwenye mikono hodari. Mpumbavu mwenye mikono mibovu huharibu kidogo, kisha hunyang'anywa kifaa. Mimi kila nilichoshika kilitoka kimenyooka, kwa hiyo hakuna aliyenizuia.

Karakana ilikuwa nyuma ya hoteli, imetengwa na bustani yao kwa ukuta wa makuti ili wageni wasituone tukila. Ilikuwa na banda moja refu la mabati, stoo moja, na chumba alichokiita Ezekieli ofisi, chenye meza, kalenda ya mwaka uliopita, na shati lake jeupe la akiba limetundikwa msumarini. Stoo ilinuka rangi, kamba zenye chumvi, na panya. Tulikuwa saba. Watano walikuwa wa bara, watu wa kazi, sina neno nao. Mchana walikaa kwenye magogo na sufuria yao ya githeri wakizungumza mambo ya mashamba ambayo sijayaona mpaka leo. Wa hapa tulikuwa wawili, mimi na Fundi Mbwana, mzee wa Kibuyuni, ambaye alikuwa akitia kalafati tangu kabla ya hoteli ile kuchimbiwa msingi. Kalafati ni pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, hupigwa kwa patasi butu kwenye mshono wa mbao mpaka maji hayapiti, na siku ya matengenezo huvutwa ikatoka kama uzi kwenye nguo. Huo ndio ufundi wake wote, kutia kitu kitakachokubali kutoka. Mzee alikula peke yake, mihogo ya nazi kwenye bakuli la bati, ameipa karakana mgongo. Nilidhani ni kiburi. Sasa ninajua alikuwa akiitazama bahari kwa sababu sisi tulikuwa hatutazamiki.

Mwanzoni mwa mwaka ule ililetwa boti ya Bi Riziki. Ilikuwa boti ya kioo, ya kuwaonyesha wageni samaki na matumbawe, yenye vioo viwili vinene vilivyolazwa kwenye sakafu kulia na kushoto kwa mkuku, ule uti wa mgongo wa boti. Mume wake aliiunda, kisha akafa, na mama yule hakuwa na kitu kingine duniani kilichoweza kumlisha ila boti ile na mahali pake pa kusimama mbele ya hoteli. Mahali penyewe palikuwa pake kwa sharti moja, kwamba ifikapo mwezi wa Desemba, wageni wanapojaa, boti iwe majini. Isipokuwapo, anapewa mwingine, na akishapewa mwingine ndiyo basi. Boti ilikuwa ikivuja pembeni mwa vioo na kwenye mishono miwili karibu na mkuku. Si ugonjwa mkubwa, ni mafua.

Fundi Mbwana aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akamwendea Ezekieli pale mlangoni mwa ofisi. Wote tulisikia. "Bwana msimamizi," alimwambia, "chombo hiki hakitaki gundi. Kinataka sifa. Kikipata sifa na kalafati mpya, kitakaa."

Mtu wa Pwani akisoma hapo anaendelea tu. Sifa ni mafuta ya papa, yanachemshwa kutokana na maini, yananuka yakakufanya ukimbie, na ubao ukiyanywa haupasuki. Lakini Ezekieli alikuwa anaijua sifa moja tu, ile ya kanisani na ya mikutanoni. Akamtazama mzee juu mpaka chini, akatugeukia sisi. "Huyu mzee anataka sifa," akasema. "Kazi hajaanza, anataka asifiwe. Haya, mpigieni makofi." Wale watano wakapiga makofi, wengine kwa kicheko cha kweli maana nao hawakujua. Fundi Mbwana hakujieleza. Alikuwa mtu wa namna hiyo, neno lake akishalisema halirudii kama mtoto anayefunzwa alifu. Alichofanya ni kunitazama mimi. Nilikuwa wa hapa, nilikuwa ninajua, na ilikuwa kazi ya pumzi moja kusema, Bwana, sifa ni mafuta.

Juzi yake Ezekieli alikuwa amefungua katoni ya mirija ya gundi nyeupe iliyotoka ng'ambo, pamoja na bunduki yake ya kuisukumia, ya chuma chekundu, na alikuwa ameniahidi mimi, si wale wengine, kwamba atakayeishika ni mimi. Nikapiga makofi. Si makubwa. Nilipiga kama mtu anayepangusa mikono, lakini nilipiga, na nikacheka kwa pua.

Tangu siku ile kila mzee alipoingia asubuhi kulikuwa na mtu wa kumwamkia Mzee Sifa, na kumpigia makofi mawili matatu, na siku ya tisa au ya kumi alifunga patasi zake kwenye kipande cha tanga akaenda kwao Kibuyuni. Hakuaga. Ezekieli alisema wazee wa Pwani hawapendi kazi. Mimi nilikuwa chini ya boti nimelala chali, nasukuma gundi. Niseme ukweli, ilikuwa kazi tamu. Ilitoka laini kama siagi, nikaijaza kwenye kila mshono, nikaizungushia vioo vyote viwili, mahali palipovuja na mahali pasipovuja, nikailainisha kwa kidole nilichokilowesha mate. Mpaka leo naikumbuka ladha yake. Boti ilipotoka pale ilikuwa na mistari myeupe kama mtu aliyepakwa dawa ya ndui, na nilisimama mbele yake mikono kiunoni nikijiona nimemshinda marehemu aliyeiunda.

Ubao unakunywa maji ukavimba, unakauka ukasinyaa. Mwaka mzima unapumua. Gundi ile haikutaka kupumua. Iling'ang'ania mbao pande mbili kwa nguvu mpaka ubao wenyewe ukachanika pembeni mwa mshono, maji yakaingia nyuma ya gundi na hayakupata pa kutokea, yakakaa humo yakiozesha. Mwezi wa Septemba boti ilirudi ikinuka kama kisima alimofia paka. Mbao tatu zilitakiwa zitoke, na moja ilikuwa ndiyo inayobeba ukingo wa kioo. Ezekieli akaagiza tindo na nyundo. Ubao wa kwanza ulitoka vipande, kila kipande kimeacha nyama yake kwenye gundi. Wa pili hivyo hivyo. Kwa ule wa kioo aliichukua nyundo mwenyewe, ili atuonyeshe, akapiga mara tatu, na kioo cha kushoto kikalia, kikatoka ufa kutoka pembe hadi pembe. Vioo vile havikupatikana Mombasa. Akaiweka nyundo chini taratibu, akapangusa mikono, akasema boti imezeeka, ikatwe kwa msumeno iwe kuni za jikoni la hoteli.

Bi Riziki alifika kesho yake, amejifunga leso kiunoni juu ya buibui, mkononi ana mkoba wa ukindu. Alikuwa mama wa miaka arubaini hivi, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio majini. Ezekieli akamtolea kiti, akamweleza kwa maneno mengi. Yeye hakukaa. Alipitisha ukucha kwenye ile mistari yangu myeupe, akauliza kwa nini gundi isitolewe, mbao zikabadilishwa. Ezekieli akacheka. "Mama, hii gundi hata Mungu hawezi kuitoa."

Bi Riziki akamwomba Mola msamaha kwa niaba yake, kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, "Aliyeitia nani?"

Wale watano wakaangalia mchanga. Nikasema mimi.

"Basi utaitoa wewe," akasema, na akamgeukia Ezekieli kuuliza habari ya lori.

Wako watakaosema nilikwenda kwa huruma. Sikuwa nayo. Nilikwenda kwa sababu lile neno la Ezekieli liliniuma, na kwa sababu kazi yenye mkono wangu ilikuwa inakwenda kupikiwa chapati. Nilimwambia naacha kazi, akaniambia mlango haujafungwa, na jioni hiyo tuliipakia boti kwenye lori la mchanga, imelazwa ubavu kama ng'ombe mgonjwa, tukaenda nayo Kibuyuni.

Nilipewa chumba cha uani, chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo linalotazama jikoni, nyavu za marehemu zimetundikwa ukutani. Bi Riziki alinilisha vizuri kwa sura mbaya. Asubuhi chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, mchana wali na mchuzi wa samaki taa, na kila sahani ilikuwa na neno lake. Aliniita Fundi Gundi. Akinipa kitoweo alikuwa akiuliza kama ninataka anigandishie mdomoni nisisumbuke kutafuna. Nami niliishambulia ile gundi kwa kila nilichokisikia. Niliipaka mafuta ya taa, ikang'aa. Niliipaka petroli, ikanywa petroli ikakaa kimya. Msasa uliziba kwa vumbi lake kabla sijavuta mara kumi. Kisu kilikata sawa na upana wa ukucha, kisha mkono ukafa. Watu wa kijiji walipita wakisimama, wakitoa ushauri, na ninawaambia wenye kutoa ushauri wa bure kwamba sijaona hata mmoja wao aliyeshika kisu. Wiki tatu zilikwenda nami nimefungua mshono mmoja.

Njia ilitoka kwenye shati. Bi Riziki alichoka kuniona nimechafuka, akalifua shati langu la kazi, akawa analipiga pasi ya makaa pale barazani. Ghafla akaanza kunitukana. Tone la gundi lililokuwa mfukoni limelainika chini ya pasi yake, limemchafulia. Alilibandua kwa ukucha likatoka zima kama gaga la kidonda, akanirushia. Nililishika mkononi likiwa bado vuguvugu. Miezi minane nimelala na kitu kile na sikuwahi kufikiri kwamba kinaogopa moto. Niliiomba ile pasi, akasema nichukue, buibui lake halitaguswa nayo tena. Nikawa naikalisha juu ya mshono, nahesabu pumzi ishirini, naiondoa, naingiza kisu chembamba, kisha kabari ya mti wa mkoko, kisha napitisha waya mwembamba wa kuvulia papa nyuma ya ubao. Waya ule unahitaji watu wawili, mmoja kila upande, unavuta yeye unalegeza wewe, kama kukata sabuni. Wa upande wa pili alikuwa Bi Riziki. Alivuta kwa nguvu kuliko mimi, huku akihesabu kwa sauti wanaume wote waliomwambia mwanamke hawezi kuwa na boti. Orodha ilikuwa ndefu, ilitutosha mishono miwili.

Kikabaki kioo cha kulia, ndicho kizima. Kioo hakipigwi pasi, kitapasuka. Kilitaka waya mtupu, na waya mtupu ndani ya gundi ile unakwama, unapata joto, unakatika. Sabuni ilikauka. Mafuta ya nazi yalikuwa yakigeuka uji. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja kabla ya Desemba, na bila kioo kile hiyo si boti ya kioo, ni boti.

Siku moja baada ya Alasiri nilikuwa nimejinyoosha chumbani nikamsikia mtu anakohoa jikoni. Nilikuwa ninakijua kikohozi kile. Fundi Mbwana alikuwa mjomba wake Bi Riziki, na alikuja mara chache, nilipokuwa sipo. Mama yule alikuwa akimsihi aje aiangalie boti, atusaidie, kijana anajitahidi. Kijiko kiligonga kikombe kwa muda. Kisha nikamsikia mzee, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Yule mbara mimi sina kinyongo naye, Riziki. Hakujua. Huyu wako alijua."

Siku ile sikuitwa kula. Sahani yangu niliikuta imefunikwa kizingitini, haina neno lake. Nimetukanwa na watu wakubwa katika maisha yangu, maafisa, wazungu, mabwana wenye meli, hakuna aliyeniumiza kama wali ule ulionyamaza.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee. Nataka ieleweke kwamba sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kwa sababu ya waya, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua ni mafuta gani duniani hayakauki wala hayagandi, na mwaka ule mtu wa pekee Kibuyuni aliyekuwa nayo ni yeye. Nilimkuta barazani anasokota pamba juu ya paja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Nikamwambia nimekuja kuomba mafuta. Akasema ya taa yako dukani, ya nazi yako kwa Riziki. Akaendelea kusokota. Nilisimama pale jua linanipiga utosini, na neno lenyewe ni la silabi mbili.

"Sifa, Mzee. Naomba sifa."

Mikono yake ikasimama. "Sifa ndiyo nini?"

"Ni mafuta ya papa."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kupaka chombo. Ubao usipasuke."

"Kumbe unalo neno zima," akasema. Akaingia ndani akatoka na debe dogo lililofungwa kwa jani la mgomba, akaliweka chini, si mkononi mwangu, akarudi kwenye pamba yake.

Kioo kilitoka kwa siku mbili. Waya uliolowa sifa ulipita nyuma ya gundi bila kelele, na uvundo wake ulituganda mwilini mimi na Bi Riziki mpaka wauza duka wakawa wanatuhudumia kwa mbali. Yeye alianza tena kuniita Fundi Gundi, siku ya pili, kioo kilipolegea mikononi mwetu. Nilikwangua masalio kwa kipande cha chupa, wiki nzima, nikaweka mbao mpya. Dirisha la kioo kilichopasuka tukaliziba kwa ubao. Kisha asubuhi moja nikakuta patasi za Fundi Mbwana zimetandazwa juu ya kipande cha tanga kando ya boti, na mwenyewe ameshaanza. Alitia kalafati siku nne. Nilimshikia pamba, nikampa nyundo, na hakunisemesha ila kwa kazi: lete, shika, ngoja.

Siku mbili kabla ya Desemba, maji yanajaa, watu wameshaalikwa kusukuma, mzee aliinama ndani kuikagua mara ya mwisho. Nyuma ya taruma la tatu, ubavu wa ndani wa boti, mahali ambapo pasi haikuingia vizuri, nilikuwa nimeacha mstari wa gundi wa urefu wa kiganja. Nilikuwa nimeuona. Nilikuwa nimechoka, nikaupaka rangi ya mbao. Alikwenda moja kwa moja, akaweka dole gumba juu yake.

"Hapa," akasema.

Nikasema nitautoa. Bi Riziki akasema hapana, maji hayamngoji mtu, utatolewa siku nyingine, na akaamuru watu washike. Boti ikaingia. Aliketi ndani mpaka maji yakatulia, akapitisha ncha ya leso kwenye mishono yote na pembeni mwa kioo, akaiinua juu tuione. Ilikuwa kavu. Kesho yake ilisimama Diani mahali pake, na Ezekieli akapita ufuoni na shati lake jeupe, na tangu siku hiyo akaanza kusema ni kazi yake.

Boti ile ilifanya kazi miaka kumi na sita. Kila mwaka ilipandishwa kwangu Msambweni kwa matengenezo, na kila mwaka mzee alikuja kutia kalafati. Alianza kuniitikia salamu kwa maneno marefu, akala kwangu, akaja nilipooa. Lakini kabla hajafungua patasi zake aliinama nyuma ya taruma la tatu, akaweka dole gumba, akanitazama, nami nilisema nitautoa. Sikuutoa. Kila mwaka kulikuwa na boti nyingine inangoja, wateja, haraka, na mstari wenyewe haukuwa unavujisha kitu. Nilikuwa nimeshakuwa fundi mkubwa, nikaona mzee ananichezea.

Niliutoa mwaka aliokufa. Ulinichukua asubuhi moja.